Pima Boksi Lako, Idai Faida Yako

Umeuza. Umeuza mpaka simu imejaa ujumbe wa wateja. Bodaboda wanakujua kwa jina. Mzigo ukiingia asubuhi, jioni umebaki nusu.

Sasa niambie: faida iko wapi?

Iko wapi, wewe unayeagiza viatu Guangzhou na kuviuza Instagram? Iko wapi, wewe unayeleta vyombo vya jikoni kutoka Yiwu na kuvipandisha WhatsApp kila usiku? Mwezi umekwisha, mtaji umerudi vile vile ulivyotoka, pengine umerudi umepungua. Na ukiulizwa, jibu lako ni lile lile: "Gharama za mzigo zimepanda."

Kweli, hupanda. Machi 2021 meli moja, Ever Given, ilikwama kwenye Mfereji wa Suez kwa siku sita, na wafanyabiashara wa dunia nzima wakalipia. Mwishoni mwa 2023 mashambulizi katika Bahari ya Shamu yakazilazimisha meli nyingi kuzunguka kusini mwa Afrika, na bei zikapaa tena. Hayo huyawezi, na hakuna anayekudai uyaweze.

Lakini boksi lako je? Nani amelipima?

Kimya.

Basi faida yako iko hapo. Imelala ndani ya boksi ambalo hujawahi kulipima, juu ya paleti ambayo hujawahi kuiulizia, kwenye ankara unayoilipa bila kuisoma. Imelala, na wewe umelala pembeni yake.

Amka!

Chukua futi kamba. Ndiyo, ile ya fundi. Chukua boksi lililobaki chumbani kwako tangu mzigo uliopita, liweke sakafuni, upime. Urefu sentimita 60. Upana sentimita 40. Kimo sentimita 50. Zigeuze ziwe mita, uzizidishe: 0.6 mara 0.4 mara 0.5. Umepata 0.12. Hizo ndizo CBM za boksi lako, yaani mita za ujazo, na ndizo unazolipia kila mzigo wako unapopanda meli.

Sasa fungua boksi lenyewe. Umeona nini? Viatu, kila jozi ndani ya kiboksi chake, kila kiboksi kimejazwa karatasi, na juu kabisa pamebaki nafasi ya kutosha kiganja.

Hiyo nafasi umeilipia. Umelipa kusafirisha hewa ya China mpaka Dar es Salaam!

Mwambie muuzaji avipange viatu bila viboksi, na viboksi vije vimekunjwa bapa. Tuseme boksi limeshuka likawa 50 kwa 40 kwa 40. Hizo ni CBM 0.08. Viatu ni vile vile, idadi ni ile ile, na theluthi nzima ya gharama ya meli imeondoka. Maboksi kumi yaliyokuwa CBM 1.2 sasa ni 0.8.

Nani alikuzuia kuomba hivyo mwaka jana?

Nani?

Kwa ndege, uzembe huu unauma zaidi. Mashirika ya mizigo ya anga hupima kilo, kisha hupima ukubwa, halafu hukutoza kwa kile kilicho kikubwa. Kanuni iliyozoeleka ni kuzidisha sentimita zote tatu na kugawanya kwa 6,000. Kampuni nyingi za vifurushi vya haraka hugawanya kwa 5,000. Boksi letu la kwanza lina sentimita za ujazo 120,000. Gawanya kwa 6,000: kilo 20. Gawanya kwa 5,000: kilo 24. Ukiweka humo mito yenye kilo 8 tu, unatozwa kilo 20 au 24. Ukiibana mito hiyo kwa mifuko ya kunyonya hewa, boksi linapungua na bili inapungua nalo.

Ulilijua hili? Kama ulilijua, kwa nini hukulifanya? Kama hukulijua, sasa umelijua. Kisingizio cha kwanza kimekufa.

Twende kwenye paleti, lile jukwaa la mbao la kupangia maboksi, maana wewe hutabaki na maboksi mawili maisha yako yote. Utakua. Nakwambia utakua! Na siku mzigo wako utakapopangwa juu ya paleti, ujue mchezo unavyochezwa.

Paleti moja ya kawaida ina mita 1.2 kwa mita 1. Maboksi ya sentimita 60 kwa 40 yanaienea kama vile yalizaliwa pamoja nayo: mawili yakilala kwa urefu upande huu, matatu yakigeuzwa upande ule. Matano kamili kila safu, bila pengo, bila boksi kuning'inia nje. Sasa ongeza sentimita tano tu kila upande, boksi liwe 65 kwa 45. Safu nzima inabeba matatu.

Matatu! Kwa sentimita tano!

Hebu tazama na kimo. Paleti iliyopangwa vizuri mpaka kufikia mita 1.5 ni CBM 1.8. Muuzaji amebakiwa na boksi moja la sentimita 60 kwa 40 kwa 40. Hajui aliweke wapi, anakuuliza, na wewe unasema, "Liweke juu tu." Paleti imefika mita 1.9. Anayepima hapimi boksi moja, hupima paleti nzima mpaka ncha ya juu: 1.2 mara 1 mara 1.9, sawa na 2.28. Umeongezewa CBM 0.48 kwa ajili ya boksi ambalo lenyewe halifiki hata 0.1. Umelilipia mara tano. Na mbaya zaidi, juu ya kilele hicho hakuna mzigo mwingine unaoweza kukaa.

Neno moja tu, "liweke juu". Neno moja limekula faida ya wiki.

Na mbao zenyewe, umeziuliza? Chini ya kanuni ya kimataifa iitwayo ISPM 15, paleti ya mbao hutakiwa kuwa imetibiwa, mara nyingi kwa kuchomwa joto mpaka kiini cha mbao kifike nyuzi 56 kwa dakika 30, kisha igongwe muhuri. Bila muhuri, mzigo unaweza kuzuiwa kwa sababu ya wadudu ambao hata hujawahi kuwaona. Omba picha ya muhuri kabla mzigo haujaondoka. Picha moja! Wewe unayepiga picha za nguo kwa pembe kumi, umeshindwa kuomba picha moja ya paleti?

Sasa shika kiti, maana hapa ndipo wengi huumia bila kujua wameumizwa na nini.

Afrika Mashariki, ushuru wa forodha wa mzigo wa meli hukokotolewa juu ya bei ya bidhaa, bima na gharama ya kuusafirisha. Maana yake gharama ya meli yenyewe inatozwa ushuru. Chukua bidhaa iliyo kwenye kundi la asilimia 25. Kila shilingi 100,000 ya meli inazaa ushuru wa 25,000. Juu ya hiyo 125,000 inakuja VAT. Kwa VAT ya Tanzania ya asilimia 18, ni 22,500. Laki yako imekuwa 147,500, bado tozo nyingine hazijahesabiwa. Na kama ajenti wako anakutoza bei moja ya kila kitu kwa CBM, usijidanganye kuwa ushuru haukuhusu: umo humo humo, na kila CBM unayoipoteza unaipoteza pamoja na ushuru wake.

Kwa hiyo ukiokoa CBM moja hujaokoa gharama ya meli peke yake. Umeokoa na mkia wake.

Unaona sasa? Unaona fedha zako zilivyokuwa zikitembea usiku?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lako liko wapi? Usinionyeshe simu yenye picha za miamala. Nataka ukurasa mmoja wenye mistari michache: bei ya kiwandani, gari la kutoka kiwandani mpaka ghala la ajenti, meli, ushuru, kugomboa, gari la kutoka bandarini au ghalani mpaka kwako. Jumlisha. Gawanya kwa idadi ya bidhaa, ukiondoa zilizovunjika. Hiyo ndiyo bei halisi ya kila kimoja. Ukiuza chini yake unagawa sadaka, na wanaokula sadaka hiyo wala hawakukuomba.

Na unapotajiwa bei, uliza inaishia wapi. Bei ya EXW inaishia mlangoni mwa kiwanda. Kila hatua baada ya hapo ni yako. FOB inaishia mzigo ukishapakiwa melini. CIF inakufikisha bandarini pamoja na bima, lakini ushuru na gharama za kugomboa bado zinakusubiri wewe. Mtu akikupa bei ya chini ya kushangaza, usishangilie. Muulize: "Mpaka mlangoni kwangu, jumla ni ngapi? Niandikie." Akikataa kuandika, ameshakujibu.

Najua unataka kusema nini. "Mimi ni mdogo, nina katoni tatu tu."

Nani amekwambia ubaki peke yako? Kontena la futi 20 lina takribani CBM 33, na kwa upakiaji wa kawaida hubeba kama 25 mpaka 28. Huwezi kulijaza wewe. Lakini wewe, na dada wa mapazia wa jengo la pili, na kaka wa vifaa vya simu, na yule mama wa Arusha mnayefuatana mtandaoni, mkikusanyika? Mkifika CBM 15, ombeni bei ya kontena zima na mlinganishe. Chukueni ajenti watatu, mwape vipimo vile vile, msome majibu. Andikeni mapema nani ana kiasi gani na nani atalipa nini. Kidole kimoja hakivunji chawa!

"Mimi hesabu zilinishinda shuleni." Umezidisha namba tatu. Hesabu gani nyingine unayoiogopa?

"Sina muda." Huna muda? Saa ngapi umekaa jana ukitazama maisha ya watu wengine yakipita kwenye kioo cha simu?

Muda ndio mtaji unaouchezea kuliko mtaji wowote. Unajua kila mwaka, kati ya mwishoni mwa Januari na Februari, China husherehekea Mwaka Mpya wao na viwanda hufungwa kwa wiki kadhaa. Kabla ya hapo kila mtu anagombea nafasi melini. Unajua Krismasi haijawahi kuhama kutoka Desemba. Unajua Idi huja mapema zaidi kwa takribani siku 11 kila mwaka. Unajua shule zinafunguliwa lini. Yote unayajua! Halafu unaagiza ukiwa umechelewa, unahamisha mzigo kutoka melini kwenda kwenye ndege, na ndege inakula ulichopanga kula wewe.

Kaa na kalenda leo. Anza na siku unayotaka kuuza, urudi nyuma: siku za kugomboa, wiki za baharini, siku za ghalani, siku za kiwandani, kisha ongeza wiki mbili za mambo ya Mungu. Siku utakayoiangukia ndiyo siku ya kuagiza. Iandike kwa kalamu nyekundu.

Unadhani watu walioibadilisha biashara hii walizaliwa na meli? Malcom McLean wa Marekani alianza akiendesha lori lililokwisha kutumika. Aliona kile ambacho kila mtu alikuwa akikiona: mizigo inapakiwa gunia kwa gunia, kasha kwa kasha, na gharama inamaliza faida. Wengine walisema ndivyo biashara ilivyo. Yeye alikataa. Tarehe 26 Aprili 1956 meli yake Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston na makontena 58. Kupakia tani moja ya mizigo ya kawaida kuligharimu karibu dola sita. Kwake kulishuka chini ya senti 20. Bahari ilikuwa ile ile. Bidhaa zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni upangaji.

Upangaji! Kitu ambacho wewe unaweza kukianza ukiwa umekaa sebuleni.

Hujakosa akili. Mtu anayeweza kuongea na kiwanda cha mbali kwa lugha asiyoijua, akatuma pesa, akapokea mzigo, akaupiga picha, akauuza kwa mtu asiyemjua na akarudishiwa "asante dada, nimeipenda", huyo ana uwezo mkubwa kuliko anavyojidhania. Huyo ni wewe. Umeshafanya magumu. Umeshindwa na futi?

Sitaki useme utaanza mzigo ujao. Mzigo ujao unaanza leo.

Shika simu yako sasa hivi. Mwandikie muuzaji wako maneno haya: "Nitumie urefu, upana, kimo, uzito na idadi ya bidhaa kwa kila boksi kabla sijalipa."

Ni mstari mmoja. Utume.