Kubomoa na Kujenga

Wapo wasemao ya kuwa kila abomoaye ni mharibifu, na wapo wasemao ya kuwa hapana jipya illa la zamani livunjwe kwanza. Hukumu baina yao yapatikana kwa kiumbe kisichoonekana illa kwa hadubini, naye ni bakteria.

Bakteria amezungukwa na ukuta uliosukwa mfano wa jarifa: nyuzi za sukari zilizofungamana kwa viungo vifupi vya jinsi ya protini. Ndani yake maji husukuma kwa nguvu, na ukuta ukipasuka hufa. Hata hivyo, hawezi kukua illa akate nyuzi hizo. Basi hukata kidogo na kutia mpya papo hapo. Na atakapo kugawanyika, hujenga kiambaza katikati ya mwili, ndipo wakatengana wawili. Yule wa matumboni, apatapo chakula chema, hutimiza hayo kwa dakika 20 hivi.

Mwaka 1928, huko London, Alexander Fleming aliona ukungu uuao bakteria. Dawa yake ikaitwa penisilini. Dawa hiyo haivunji ukuta. Huzuia mkono ufungao nyuzi mpya, na mkono ukatao ukaendelea. Bakteria akapasuka kwa kazi yake mwenyewe.

Ama mwenye kutaka kuondoa desturi ya wazee wake, na utazamwe mkono wake wa pili. Ukiwa na jiwe na chokaa, asizuiwe. Ukiwa mtupu, asifuatwe, kwani nyumba ile ina watu ndani.