Kuusia Subira na Kuzuia Haki

Ndugu zetu Waislamu,

Alitujia mama mmoja wa mji wetu baada ya sala ya alasiri, amemshika mkono mwanawe wa miaka sita. Mtoto huyo hasemi, hamtazami mtu usoni, na sauti kubwa humtia fazaa hata akaziba masikio na kulia. Majirani walisema ana shetani. Wakwe wakasema ni malezi mabaya. Mama akatuuliza: "Shekhe, nifanyeje?" Nasi tukamwombea dua, tukamuusia subira, akenda zake. Tangu siku hiyo nafsi zetu hazikutulia, kwani twaona jawabu letu lilikuwa pungufu.

Hali ya mtoto yule madaktari huiita usonji. Leo Kanner aliieleza huko Marekani mwaka 1943, na baadaye wakatokea wataalamu waliowatuhumu kina mama kwamba ubaridi wao ndio sababu. Tuhuma hiyo imebatilika. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo. Si shetani, wala si kosa la mzazi. Hapana dawa ya kuiondoa, lakini mtoto akifunzwa mapema na wenye ujuzi, kwa maneno, kwa picha au kwa ishara, huenda akapata njia ya kueleza haja zake.

Basi hapa ndipo penye mas-ala. Subira tumeamrishwa kwa yale aliyoyakadiria Mwenyezi Mungu. Mtoto kuzaliwa hivyo ni kadari. Lakini kukosa mwalimu, kufukuzwa chuoni, na mama kukaa miaka asipate wa kumpokea hata saa moja: je, hayo nayo ni kadari, au ni mikono yetu? Mwenye kumuusia mtu subira, hali yeye ndiye aliyemzuilia haki yake, hakutoa nasaha, amejitafutia udhuru.

Huenda mtu akasema: "Hiyo ni sadaka, mwenye moyo atatoa." Twajibu: sadaka hufuata moyo wa mtoaji, na haki haifuati moyo wa mtu. Wanahistoria wametaja kwamba Khalifa Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala Damascus tangu mwaka 705 hata 715, aliwawekea wakoma posho, na kila kiwete mtumishi, na kila kipofu kiongozi. Hakuwaacha wakae mlangoni pa msikiti wakingoja huruma ya wapitao.

Na katika nchi yetu, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, imewapa watu wenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kuingia katika mahali pa elimu. Vituo vya serikali vya kuwapima watoto na kuwaelekeza shuleni vilianzishwa mwaka 1984. Lakini haki iliyoandikwa haitembei yenyewe hata mlangoni pa mtu. Sisi twawaficha watoto hawa vyumbani kwa kuona haya. Na asiyeonekana haandikwi, asiyeandikwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa hatengewi fungu.

Kwa hivyo twaona jambo hili ni fardhi ya kutosheleza: wakilisimamia baadhi yetu, wengine wamesalimika, tukiliacha sote, sote tuna dhambi. Mwenye mtoto na ampeleke hospitali ya serikali akapimwe na kuandikishwa. Jirani na afuatane na mama huyo, asimwache peke yake katika safu za maofisi. Walimu wa vyuo wasimfukuze mtoto kwa kuwa hakai kitako. Matajiri wetu na wasomeshe walimu wa kazi hii. Na wale tuliowapa kura tuwaulize, mbele ya watu: walimu wako wapi, na fungu liko wapi?

Ama sisi, tumeazimia kumwendea mama yule nyumbani kwake, tumtake radhi kwa jawabu letu la kwanza, kisha tufuatane naye hospitali. Baada ya hapo, tukimuusia subira, tutakuwa na uso wa kumtazama.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuwafikisha.