Usiku wa Kufunga Mizigo

Nani kati yetu asiyeujua usiku wa mwisho kabla ya safari ndefu? Hapa Kasulu na Kibondo twauona mara nyingi. Sanduku limefungwa, likafunguliwa, likafungwa tena. Mama ametia karanga na mihogo katika kikapu. Basi laondoka alfajiri, wala hakuna apataye usingizi. Kijana asikiaye moyo wake ukidunda hujiona mwoga, akajificha nyuma ya maneno makubwa.

Sisi twasema: hofu hiyo si dhambi, wala si upungufu wa imani. Ni kengele imwitayo mtu atazame asije akasahau jambo. Ubaya ni kwamba wengi huisikia, wakatazama sanduku tu.

Wazee wetu wa Buha waliyajua haya. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa miaka mingi baadaye Waha kwa maelfu walikwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, mwendo wa zaidi ya kilometa 1,000. Tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao, SILABU, ya kuandikisha watu na kuwasafirisha. Kila mmoja alipewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Mizigo yao ilikuwa myepesi. Uzito ulibaki nyumbani: mke asiyeachiwa chakula, deni lisilosemwa, ndugu wawili wasioamkiana. Wako waliorudi na blanketi na fedha. Wako pia wasiorudi kamwe, na watoto wao wakakua wakiitazama njia.

Katika kitabu cha Tobiti, mzee kipofu amtuma mwanawe Tobia nchi ya Media kuchukua talanta 10 za fedha. Lakini fedha huitaja mwisho. Kwanza amwagiza amheshimu mama yake, asicheleweshe ujira wa kibarua, asimpe maskini kisogo. Kisha wakatafuta mwenzi wa njiani mwaminifu, wakapatana naye ujira, wasijue kwamba ndiye Malaika Rafaeli. Hata hivyo mama yake, Ana, alilia, na Maandiko hayakuyaficha machozi yake.

Basi wewe ufungaye mzigo leo, uwe waenda chuoni au kutafuta kazi, lipa deni lako, au mwambie mwenye mali siku utakayolipa. Patana na jirani kabla jua halijatua. Mwachie mkeo chakula na neno la kweli, usiahidi usichokiweza. Pokea kitubio, upige magoti mbele ya wazazi wakubariki. Na ukifika, wapelekee habari. Manamba wengi hawakujua kuandika barua. Wewe unayo simu mfukoni, nawe ukinyamaza umenyamaza kwa kupenda.

Nanyi mnaobaki, msimcheke atetemekaye, wala msimtwishe orodha ya zawadi atakazoleta. Mzigo huo umewazuia wengi kurudi, kwa aibu ya mikono mitupu.

Tukumbuke majirani zetu wa Burundi waliovuka mpaka kwa maelfu mwaka 2015. Wengi wao hawakupata usiku wa kufunga mizigo, wala nafasi ya kuaga. Aliyepewa usiku huo amepewa neema. Asiumalize kwa kukunja nguo peke yake.

Malaika Rafaeli awatangulie wasafiri wetu wote, naye awarudishe salama.