Tendo na Mtendaji

Mtu akichelewa kikaoni, waliomsubiri humwita mzembe. Wakichelewa wao, hulaumu foleni ya magari. Mwelekeo wa kuyaeleza matendo ya wengine kwa tabia zao, na kuisahau hali iliyowazunguka, mwanasaikolojia Lee Ross aliuita mwaka 1977 kosa la msingi katika kutafuta sababu za matendo.

Ushahidi ulitangulia jina. Mwaka 1967 watafiti Edward Jones na Victor Harris waliwasomesha wanafunzi insha za kumtetea au kumpinga Fidel Castro, kiongozi wa Kuba wakati huo. Hata walipoambiwa kwamba mwandishi alipangiwa upande wa kutetea, wasomaji waliendelea kudhani kuwa aliyoyaandika ndiyo aliyoyaamini. Mtendaji na tendo lake huwa mbele ya macho, kilichomsukuma hakionekani.

Jaribio la John Darley na Daniel Batson, lililochapishwa mwaka 1973, liligusa dini yenyewe. Wanafunzi 40 wa seminari ya Princeton walitumwa mmoja mmoja kwenda kuzungumza katika jengo jingine, baadhi yao kuhusu mfano wa Msamaria Mwema. Njiani palikuwa na mtu aliyejikunyata mlangoni, akikohoa na kugumia. Kati ya waliokuwa na muda wa kutosha, asilimia 63 walimsaidia. Kati ya walioambiwa wamekwishachelewa, asilimia 10 tu. Mada ya hotuba haikuleta tofauti kubwa. Mpita njia angewaona hao wa mwisho kuwa hawana huruma, ilhali walichopungukiwa ni dakika chache.

Hata hivyo, hali hulieleza tendo bila kuufuta wajibu: wako walioharakishwa na bado wakasimama. Mafundisho ya dini hushika njia hiyo ya kati. Injili ya Mathayo humtaka mtu aitoe kwanza boriti iliyo jichoni mwake kabla ya kibanzi cha nduguye, na Surat al-Hujurat, aya ya 12, hukataza dhana mbaya na kupelelezana. Hakuna fundisho kati ya hayo linalosema kosa si kosa. Yanachozuia ni binadamu kudai kuijua siri ya moyo wa mwenziwe. Wahenga nao walisema kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake.

Tendo moja linatosha kuhukumiwa lenyewe. Halitoshi kumhukumu aliyelitenda.