Sitara ya Mshairi na Sanduku la Barua

Fumbo ni nguo ya ushairi. Mshairi wa mwambao humwita mpenzi wake ua au njiwa, na msikilizaji mwenye adabu haulizi jina. Lakini je, sitara hiyo ikizidi, hugeuka kuwa uongo? Na aliyejisitiri akishafariki, nani mwenye haki ya kumfunua?

Washairi wawili wa Uingereza, wa zama za Malkia Victoria, wanatupa mfano. Robert Browning alimwandikia Elizabeth Barrett kwa mara ya kwanza Januari 1845, kuyasifu mashairi yake. Elizabeth alikuwa mgonjwa wa siku nyingi, akikaa London kwa baba aliyewakataza wanawe kuoa na kuolewa. Barua zikaenda na kurudi, zikapindukia mia tano. Septemba 1846 wakaoana kwa siri, bibi ana miaka 40 na bwana 34, wakahamia Italia. Baba hakusamehe, barua za bintiye hata hakuzifungua.

Katika uchumba huo Elizabeth alitunga soneti zaidi ya 40, asimwoneshe Robert mpaka walipokwisha kuoana. Zilipochapishwa mwaka 1850 zilipewa jina la kuonesha kwamba zimetoka katika Kireno. Mreno huyo hakuwapo.

Kwangu mimi mfasiri, tarjuma ni amana: humwahidi msomaji kwamba nyuma ya maneno haya yupo mwingine. Kwa kipimo hicho jina lile halikuwa la kweli. Hata hivyo siliiti uongo, kwani uongo humnyima mtu haki yake. Msomaji alipewa shairi zima. Alichofichwa ni chumba cha watu, ambacho hakuwa na haki nacho.

Barua zina mizani nyingine. Elizabeth alifariki Florence mwaka 1861. Uzeeni Robert alichoma karatasi zake nyingi, ila barua za uchumba alizihifadhi, akamwachia mwanawe uamuzi. Akafa mwaka 1889, na mwaka 1899 mwana akazichapisha. Watetezi husema baba aliridhia. Naam, lakini nusu ya sauti iliyomo ni ya mama, naye alikuwa kaburini miaka 38. Ridhaa ya mmoja haitoshi kufungua siri ya wawili.

Yupo atakayesema kwamba fasihi imefaidika. Imefaidika kweli, lakini faida yetu haithibitishi haki yetu. Kwetu mwosha maiti huona mengi na hasimulii, wala hatumhesabu kuwa ameinyima dunia elimu.

Basi tunaotunga tuyapange masanduku yetu tungali hai: la kuachwa liachwe kwa kauli, la kuchomwa tulichome wenyewe. Na anayerithi karatasi za watu wawili aulize, kabla ya kuzipeleka kiwandani, ni nani kati yao hakuwahi kusema ndiyo.