Kivuli cha Daktari na Haki ya Mgonjwa

Katika Marekani imekuwa desturi kwamba kijana anayetaka kuingia chuo cha udaktari, hasa vyuo vile vinavyofundisha tiba ya osteopathi, hapeleki maombi yake kabla ya kupata muda wa kumfuata daktari kazini. Huandamana naye chumba hadi chumba. Husimama kando, hutazama, husikiliza, wala hatibu. Wenyewe huliita jambo hilo kuwa kivuli cha daktari. Mwishowe huzihesabu saa alizokaa huko, huziandika katika maombi yake, na mara nyingi humwomba daktari yule barua ya kumshuhudia.

Vyuo vya kwetu havijengi uteuzi wao juu ya saa hizo. Aendaye Makerere, ambako udaktari ulianza kufundishwa mwaka 1924, au Busitema, chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 2007 katika wilaya ya Busia na chenye kitivo cha afya huko Mbale, hupimwa kwa alama za mtihani wake. Ndivyo ilivyo pia kwa aendaye Nairobi au Eldoret, ng'ambo ya mpaka. Tena kijana wa Marekani kwa kawaida huanza udaktari baada ya kumaliza shahada nyingine, ilhali wa kwetu aghalabu hutoka sekondari moja kwa moja akaingia katika masomo ya miaka mitano nchini Uganda, au sita nchini Kenya, kabla ya mwaka wa mazoezi. Basi kama kuna anayehitaji kuiona kazi hii kabla ya kuichagua, ni huyu wa kwetu aliye mdogo zaidi kwa umri.

Haishangazi, kwa hiyo, kwamba katika miji kama Busia na Tororo wapo vijana wanaomwendea mwalimu wao kumwomba barua ya kuwajulisha hospitalini. Hapo swali linaacha kuwa la madaktari peke yao, linakuwa letu sisi walimu. Tunapotia saini barua hiyo tunampeleka mwanafunzi wetu kando ya kitanda cha mtu mwingine. Je, ana haki gani ya kusimama pale, naye si tabibu, si mwanafunzi wa utabibu, wala si jamaa wa mgonjwa?

Tuanze na hoja za wanaokubali, maana zina uzito. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wako vijana wengi waliochagua udaktari kwa sababu ya jina lake, au kwa sababu mzazi aliapa kwamba nyumbani mwake lazima atoke daktari. Kijana wa namna hiyo hajapata kuona jipu likipasuliwa, wala hajasikia mama akiambiwa kwamba mtoto wake hatapona. Afadhali ayaone hayo mapema, na kama moyo wake hauwezi, arudi akasomee jambo jingine, kuliko kuja kuyagundua akiwa na wagonjwa mikononi mwake. Wala desturi yenyewe si ngeni kwetu. Mkunga wa jadi hakufundishwa kwa kitabu. Alimfuata bibi yake usiku, akashika taa, akaona. Mwanafunzi wa mganga alibeba mkoba wa mwalimu wake muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kuufungua.

Hata hivyo, hapana budi tuitazame hoja ya upande wa pili, ambayo ni ya mgonjwa. Mficha uchi hazai, twasema, na kwa sababu hiyo mgonjwa huvua nguo na kufumbua kinywa mbele ya daktari. Lakini hafanyi hivyo mbele ya kila mtu. Anamfunulia aliyekuja kumsaidia, naye msaidizi huyo amefungwa kwa kiapo cha kutunza siri. Muuguzi amefungwa na sheria ya kazi yake, na mwanafunzi wa udaktari amefungwa na chuo chake. Mtazamaji wetu hakufungwa na lolote. Anachukua kitu kwa mgonjwa, yaani ujuzi, naye bado hana cha kumrudishia.

Mahali kama Busia jambo hili lina ukali wa pekee. Mji ni mmoja wenye serikali mbili. Wasamia wako pande zote mbili za mpaka, na Wateso vilevile. Shangazi anakaa Kenya, mpwa anakaa Uganda. Neno bodaboda, linalojulikana leo Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa mpakani kwa baiskeli zilizochukua watu kutoka mpaka hadi mpaka. Pamoja na wanunuzi na wachuuzi, wagonjwa nao huvuka. Wengine hufuata dawa iliyo karibu. Wengine huvuka kwa sababu hawataki kuonekana na majirani katika foleni ya kifua kikuu au ya virusi vya Ukimwi. Mtu wa namna hiyo ameenda mbali kuitafuta sitara. Sasa fikirini: anaingia chumba cha daktari, na kando ya meza amekaa kijana aliyesoma darasa moja na mwanawe! Kijana huyo hata asiposema neno, uso wake peke yake umekwisha kuivunja sitara ile.

Huenda msomaji akajibu kwamba dawa ya tatizo hili ni rahisi: mgonjwa aombwe ruhusa. Ni kweli, lakini tuangalie namna ya kuomba. Tuchukue mfano wa mama aliyefika alfajiri, akapanga foleni mpaka saa sita, na mwishowe ameingia. Daktari anamwambia, "Mama, huyu kijana atakaa nasi, sawa?" Mama anasema, "Sawa, daktari." Nani angesema vingine? Aliyengoja saa sita hathubutu kumuudhi mwenye kalamu ya kuandika dawa. Sawa ya namna hiyo ni adabu tu ya mnyonge mbele ya mwenye uwezo, wala si ridhaa. Ruhusa ya kweli huombwa wakati mtazamaji hayupo chumbani. Huombwa na mtu ambaye si daktari mwenyewe, kwa lugha ya mgonjwa, iwe Kisamia, Kiteso, Kijapadhola au Kiswahili. Na mgonjwa huambiwa waziwazi kwamba akikataa atatibiwa vilevile. Pasipo nafasi ya kukataa, hapana maana ya kukubali.

Kuna mpaka mwingine ambao haupaswi kuvukwa, nao umo katika neno lenyewe. Kivuli hakina mikono. Hufuata, hurefuka, hufupika, lakini hakishiki kitu. Katika hospitali zenye wagonjwa wengi na watumishi wachache, ni rahisi kumwambia kijana mwenye hamu, "Hebu shika sindano hii." Hatari hiyo huonekana hasa kwa wageni wanaotoka nchi tajiri kuja katika hospitali za Afrika kuzitafuta saa zao kabla ya kupeleka maombi. Jambo ambalo kwao wangekatazwa kulifanya, huku huweza kupewa walifanye, kana kwamba mwili wa mtu wa Tororo ni daftari la mazoezi. Vyama vya vyuo vya udaktari vya Marekani vyenyewe vimeonya juu ya mwenendo huo. Kanuni ni moja kwa mgeni na kwa mwenyeji: asiyefundishwa asiguse. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndiyo, lakini methali hiyo haikukusudia kwamba mwenyeji atobolewe ili mgeni ajifunze.

Yuko pia kijana ambaye huombwa atoe ulimi badala ya mkono. Daktari aliyepangiwa Busia au Tororo kutoka mkoa wa mbali huenda asijue lugha ya nyumbani ya mgonjwa wake, na mtazamaji anayeijua hugeuzwa mkalimani. Hapo kwa mara ya kwanza ana cha kurudisha, nalo ni jambo jema. Lakini tuwakumbushe wanafunzi wetu kwamba mkalimani naye ana wajibu: asipunguze neno kwa kuona haya, asiongeze neno kwa kutaka kusaidia, na lililopita kinywani mwake lisipite tena sokoni. Sisi tunaofundisha lugha twajua jinsi neno moja linavyoweza kuigeuza maana. Pale hospitalini, neno hilo hugeuza tiba.

Linabaki suala la usawa. Ni nani hupata nafasi ya kumfuata daktari? Mara nyingi ni mtoto wa daktari, au mtoto wa mtu anayefahamiana na daktari. Kama vyuo vyetu vingeiga sharti la saa za kutazama, mtoto wa mkulima wa Nagongera au wa mvuvi wa Port Victoria angefungiwa mlango mwingine tena juu ya ile aliyofungiwa tayari. Lakini je, ni kweli kwamba mtoto huyo hajaona kitu?

Hapa lugha yetu yafaa itusaidie kufikiri. Kutoka katika kitenzi kuugua tumepata kuuguza, yaani kumtunza mgonjwa, na tumepata kuuguliwa, yaani kupatwa na ugonjwa wa mtu wako. Daktari hutibu, jamaa huuguza, na jamaa huyo huyo ameuguliwa. Lugha iliyoumba kitenzi kwa ajili ya mtu anayeumia kwa ugonjwa usio wake imekwisha kutambua kwamba kando ya kitanda pana ujuzi wa namna nyingine. Pitieni katika wodi za Tororo au za Busia, upande wowote wa mpaka: karibu na mgonjwa kuna mtu aliyetandika mkeka. Ndiye anayemnawisha, anayemlisha uji, anayekwenda kununua dawa iliyokosekana, anayeamka usiku pumzi inapobadilika. Mara nyingi ni msichana au mvulana wa shule. Katika wilaya ya Tororo, iliyojulikana kwa wingi wa malaria, ni wangapi wa wanafunzi wetu hawajapata kukesha na mdogo wao mwenye homa? Saa hizo hakuna aliyezihesabu, wala hazina barua. Lakini aliyelala juu ya mkeka ule ameuona udaktari kutoka mahali ambapo daktari mwenyewe hauoni: ameona jinsi mgonjwa anavyongoja, na jinsi neno moja la haraka la daktari linavyobaki moyoni siku nzima.

Historia ya osteopathi yenyewe inathibitisha jambo hili. Mwasisi wake, Andrew Taylor Still, alikuwa mganga nchini Marekani. Mwaka 1864 watoto wake watatu walikufa kwa ugonjwa wa uti wa mgongo, naye akiwa tabibu asiweze kuwaokoa. Msiba huo ulimfanya azitilie shaka dawa za wakati wake, akatafuta njia ya kuutazama mwili mzima pamoja na mifupa na misuli yake, na mwaka 1892 akafungua shule ya kwanza ya tiba hiyo mjini Kirksville, jimbo la Missouri. Leo madaktari wa tawi hilo nchini mwao hutumia dawa na upasuaji kama wenzao wengine. Lakini chanzo cha safari yao kilikuwa baba aliyeuguliwa.

Basi tukiulizwa kama ni haki kijana atazame, jibu letu ni kwamba si haki yake. Ni hisani ya mgonjwa. Kivuli cha mvumo hufunika walio mbali. Mgonjwa anayekubali kutazamwa hapati nafuu yoyote kwa hilo. Anatoa kivuli kwa wagonjwa wasiozaliwa bado, watakaotibiwa na kijana huyu. Hisani huombwa, hushukuriwa, na hutunzwa.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kutia saini barua, yafaa mwalimu amwulize mwanafunzi wake maswali mawili au matatu. Je, amewahi kumuuguza mtu, na alijifunza nini? Je, yuko tayari kutoka chumbani bila kununa mgonjwa akimkataa? Na je, akiona kwamba kazi hii haimfai, atakuwa na ujasiri wa kusema hivyo mbele ya baba yake? Tena, inapowezekana, barua ielekezwe hospitali ambayo si ya kijijini kwake: wa Busia apelekwe Tororo, wa Tororo apelekwe Busia, ili asikutane na majirani zake wakiwa uchi. Na aende akijua kwamba neno la kwanza la utabibu, kabla ya jina la mfupa wowote, ni kunyamaza.