Kofia ya Mgomba

Ukipanda kutoka Tengeru kuelekea Nkoaranga, migomba imejaa, na maganda yake makavu hayana bei. Tuseme fundi ayachane, ayasuke, ashone kofia kwa siku mbili. Mteja wa mjini atashika kichwa: “Elfu ishirini? Si maganda tu haya, dada!”

Sasa tuambiane, msomaji: kinachouzwa ni ganda au zile siku mbili? Kibarua wa zege halipwi kwa bei ya mchanga. Azimio la Arusha la 1967 lilikataa unyonyaji, na wengi humtafuta mnyonyaji kiwandani tu. Kumbe anayeng’ang’ania kofia hiyo kwa elfu tano naye anakula jasho la mtu, japo hana hata baiskeli.

Na mtalii je, atozwe elfu hamsini? Hapana. Siku ni zile zile mbili.